Barke Mukhtari, Aliyeuondoa Ulimbo Katika Karatasi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye kwake tulitoka na kwake sote tutarejea. Masheikh wetu, wazee wetu wa Chula, wageni mliovuka bahari kutoka Kismayo, Fuma na Ras Kamboni, na majirani, assalaamu alaykum. Familia ya marehemu Mukhtari Sheikhan imemwachia Hussni, kitinda mimba wa nyumba hiyo, asome maisha ya dada yake, na iwapo sauti yake itakatika njiani mnaombwa mumstahimilie, kwa kuwa aliyemfundisha kusoma ni huyo huyo tuliyemzika asubuhi ya leo.

Marehemu Barke binti Mukhtari alizaliwa hapa kisiwani Chula tarehe 14 Machi 1972, mtoto wa pili wa fundi wa vyombo vya bahari Mukhtari Sheikhan na mkewe Mwanaharusi binti Adnani, Mungu awarehemu wote wawili. Tangu alipoanza kutambaa alikuwa mtoto asiyeridhika kuambiwa jambo mpaka aliguse na kulionja, akaramba chokaa ya ukuta, akaramba jivu la jikoni, akaramba chumvi iliyoganda kwenye kamba, hata mama yake akawa anawaambia majirani kwa kucheka na kukata tamaa kwa pamoja, kwa lahaja yetu ambayo mtu huitwa mchu, "Huyu mchu wangu ipo siku ataila nyumba tukose pa kulala."

Alianza chuo cha Qurani akiwa na miaka sita, kwa Mwalimu Jamali, ambaye wakati huo alikuwa kijana aliyerithi chuo kutoka kwa baba yake, na ambaye leo, akiwa na umri uliopita themanini, ndiye aliyemswalia. Nyumbani kwa Mwalimu palikuwa na misahafu mitatu iliyoandikwa kwa mkono na wazee wake, na kila Ijumaa watoto waliruhusiwa kuitazama baada ya kutia udhu, wakasimama kimya kama wameingia mahali wasipostahili kuwa. Watoto wengine walitazama herufi na nakshi nyekundu za pembeni, lakini Barke aliuliza karatasi ile imetoka wapi na nani aliifanya iwe nyeupe, na Mwalimu alipomjibu kwamba ililetwa na merikebu kutoka mbali, hakuna ajuaye wapi, alirudi nyumbani amenuna, kwa sababu hilo kwake halikuwa jibu.

Mwaka 1983 alipelekwa Kismayo kwa ami yake Ishaq ili aingie shule ya serikali, akajifunza Kisomali mpaka akakiota, akamaliza masomo ya sekondari mwishoni mwa mwaka 1990, akiwa wa kwanza darasani katika kemia. Miezi michache baadaye vita vilifika mjini na kisha visiwani. Mwanzoni mwa mwaka 1992 Barke alivuka na mama yake, na Hussni wa miaka mitano akiwa mgongoni mwake, wakapitia Ras Kamboni hadi Kiunga na hatimaye katika kambi ya wakimbizi jirani na Mombasa, ilhali baba yao alibaki kulinda vyombo alivyokuwa hajavimaliza, na habari ya kifo chake iliwafikia huko kambini. Katika msimu huo huo nyumba ya Mwalimu Jamali ilivunjwa, na ile misahafu mitatu ikatupwa majini pamoja na mikeka na vyungu. Mwalimu aliokota kurasa zilizorudishwa na maji, akazizika kwa heshima kama azikwavyo mtu, na kwa miaka mingi baada ya hapo hakushika kalamu.

Kambini Barke alifundisha watoto asubuhi na kusoma mchana, akapata ufadhili wa chuo cha ufundi Mombasa, na mwaka 1997 akahitimu stashahada ya kemia ya viwandani. Mwaka uliofuata aliajiriwa na kiwanda cha karatasi huko bara, kwenye nyanda za baridi, mahali ambapo binti wa Chula aliona kwa mara ya kwanza msitu wa misonobari na moshi unaotoka kinywani mwa mtu. Siku ya kwanza walimtembeza kiwanda kizima. Aliona magogo yakikatwakatwa vipande, vipande vikipikwa kwa dawa kali mpaka vikawa rojo jeusi linalonuka, rojo hilo likioshwa likawa la kahawia, kisha likaingia kwenye minara ya kupausha na kutoka upande wa pili jeupe kama tui la kwanza. Mwenyewe alisimulia kwamba alisimama pale chini ya mnara machozi yakimtiririka, hata aliyekuwa akimtembeza akadhani ni dawa imemwingia machoni, akamkimbilia na maji.

Ni hapo ndipo alipokutana na hasimu wake wa maisha yote, nao ni ulimbo. Mti una utomvu wake, nao haufi kwa kupikwa. Hutoka katika vipande kama matone madogo yasiyoonekana, huelea ndani ya rojo kama mafuta katika mchuzi, kisha, joto likibadilika ghafula au dawa ikichanganywa vibaya, matone hayo hushikana, huganda kwenye kuta za matangi, kwenye nyavu na kwenye mashine, na mwisho humeguka na kuingia katika karatasi kama madoa meusi yanayonata. Dawa ya kupausha hufanya weupe kila mahali isipokuwa hapo. Barke alifanya kazi miaka kumi katika kitengo cha kuudhibiti ulimbo huo, akapanda mpaka kuwa msimamizi wake, hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2008.

Tarehe 6 Agosti 1999 alifunga ndoa na Bwana Mahmudi, mfanyabiashara wa Kismayo aliyekuwa akipitisha bidhaa zake Mombasa, na Mungu akawajaalia watoto wawili, Hanan aliyezaliwa mwaka 2000 na Nabil aliyezaliwa mwaka 2003. Bwana Mahmudi ameomba isemwe hapa kwamba aliishi na mke ambaye hawezi kupewa kitambaa cha karatasi hotelini bila kukiinua juani kukitafutia madoa, na kwamba kwa miaka ishirini na mitano alimwonea haya, na sasa angetoa mali yake yote amwone akifanya hivyo mara moja zaidi.

Familia ilirudi Kismayo mwaka 2014, na miaka miwili baadaye marehemu, pamoja na Bi Thuraya na akina mama wengine saba, walifungua karakana ya kutengeneza karatasi za madaftari ya shule, kwa kutumia mashina ya migomba kutoka bonde la Juba na miti ya mathenge, ambayo wenzetu Wasomali huiita garanwaa, mti uliovamia malisho na ambao kila mtu alifurahi kuona unakatwa. Walipika kwa soda kali katika mapipa, wakasaga, wakapausha kwa dawa isiyo na klorini, wakachota kwa chekeche na kuanika. Madaftari yao yaliandikika vizuri, lakini kila ukurasa ulikuwa na vidoa vyeusi kama mchanga wa pilipili, kwa maana mathenge nao una gundi na utomvu wake, na mapipa yao yote yalivaa ndani ngozi nyeusi inayonata ambayo walikuwa wakiikwangua kwa visu. Walimu hawakulalamika, na watoto walikuwa wakiviunganisha vidoa kwa kalamu wakachora samaki.

Mwezi wa Februari 2019 Mwalimu Jamali alituma ujumbe kutoka Chula kwamba macho yake yameanza kufunga, kwamba hakuna mwingine aliyebaki anayejua hati ya wazee wake, na kwamba amekusudia, kabla giza halijamkuta, kuandika msahafu mmoja wa kuachia msikiti huu, naye angependa karatasi yake isiletwe na merikebu ya mtu asiyejulikana. Barke alipopata ujumbe huo alifunga karakana siku hiyo, akachagua karatasi zilizo bora kuliko zote, akazifunga kwa kitambaa na kuja nazo Chula mwenyewe.

Mwalimu alizipokea kwa mikono miwili, akainua ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita mwanafunzi wake wa zamani akae karibu, akaandika kwa ncha ya kidole, bila wino, herufi moja juu ya karatasi, na akaonyesha kidoa kilichokaa chini ya herufi ile.

"Barke mwanangu," akasema, "nukta hii hakuiandika mchu, wala Mola hakuiteremsha."

Kila aliyesoma chuo anajua kwamba nukta moja hutenganisha herufi na herufi, na herufi neno na neno, na kwamba daftari la hesabu linaweza kustahimili doa lakini Maneno hayawezi. Barke alisema baadaye kwamba hakuwahi kuogopa hivyo katika maisha yake, hata siku waliyovuka na risasi nyuma yao, kwa kuwa hapo ndipo alipoelewa kazi aliyokuwa akiifanya tangu ujana ni ya nini.

Alirudi Kismayo, akafanya kosa ambalo yeye mwenyewe aliwakataza wanafunzi wake walifanye, akaongeza dawa ya kupausha. Karatasi ikatoka nyeupe hata kuumiza macho, vidoa vikabaki pale pale, na baada ya wiki mbili ikawa inavunjika kama mkate wa mofa uliokauka. Akaifuata njia ya pili aliyoijua tangu kiwandani, unga wa talki, ambao huyavaa matone ya ulimbo yakashindwa kushikana, na kwa kuwa talki safi haikupatikana Kismayo, alinunua poda ya watoto katika kila duka la soko. Muuza duka Shuaibu, ambaye yuko hapa, alimwona akibeba katoni ya tatu, mama wa miaka arobaini na saba, akashindwa kujizuia, akamwita dada kwa Kisomali.

"Abaayo Barke, mashallah! Mapacha?"

"Watatu," akajibu Barke bila kucheka, "na wote wamezaliwa na madoa."

Poda ilipunguza vidoa kwa zaidi ya nusu, lakini ilipozidi wino uliteleza juu ya karatasi, na harufu yake ilifanya karakana inuke kama chumba cha mzazi. Miezi ikapita. Barke alikonda, akawa mkali, akamwaga rojo la wiki nzima la karatasi zilizoagizwa na shule, akagombana na Bi Thuraya kwa jambo hilo mpaka Thuraya akavua aproni na kuondoka. Barke alimfuata hadi nyumbani kwake, akasimama mlangoni, akasema, "Thuraya, mzee anapofuka na mimi ninahangaika kama kuku. Rudi unisaidie kufikiri, sio unisaidie kuchota." Thuraya akarudi, na kutoka siku ile, yeye mwenyewe anasema, hawakuwa tena bosi na mfanyakazi.

Mwezi wa Novemba Barke alikuja Chula kumwomba Mwalimu radhi na kumwambia hajafaulu. Kabla ya chakula, Layla, mjukuu wa Mwalimu, alimmiminia maji ya kunawa kutoka kwenye jabia, birika la kuhifadhia mvua, maji ambayo visiwa hivi vyote vinaishi kwayo, akampa na kipande cha sabuni. Barke alikuwa na ulimbo mweusi pembezoni mwa kucha zake ambao kwa miaka mitatu haukutoka kwa sabuni yoyote ya Kismayo. Alisugua mara mbili tatu, povu likajaa, na ulimbo ukateleza, ukaenda na maji.

Layla anasimulia kwamba mgeni wake alibaki ameshika mikono hewani, akaitazama kama si yake. Akaomba amiminiwe tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Subhanallah, ni maji. Miaka yote hii ni maji," akasimama, akasahau kula.

Alilijua jambo hilo vitabuni, ila kule bara kiwanda kilitumia maji laini ya mto, hivyo halikuwahi kumkabili. Maji ya visima vya Kismayo yana chokaa na chumvi, na chokaa hiyo hukutana na utomvu uliolainishwa na soda, vikashikana kuwa sabuni ngumu isiyoyeyuka, na hiyo ndiyo ngozi nyeusi waliyokuwa wakiikwangua. Kwa maji yasiyo na chokaa, utomvu ule ule hugeuka povu na kutoka wenyewe kabla dawa ya kupausha haijaingia. Tangu awali hasimu wake alikuwa akiomba njia ya kuondoka, naye ndiye aliyekuwa akimfungia mlango kwa kila ndoo aliyomimina.

Basi akawakusanya wenzake, wakajenga jabia nyuma ya karakana, wakatengeneza mifereji ya paa, na wakaingoja mvua ya masika ya mwaka 2020. Magogo ya mathenge yalibanduliwa magome na kuachwa yakauke kivulini miezi hiyo yote, kwa sababu mti uliopumzika hupungukiwa utomvu. Mvua iliponyesha, na dunia nzima ikiwa imejifungia kwa maradhi yale, akina mama tisa walipika mathenge kwa maji ya mbinguni, wakaliosha rojo mara tatu kwa maji ya moto yenye soda kidogo, wakatia talki kiasi cha kukolea tu, wakapausha taratibu bila kuliacha lipoe, na asubuhi moja Barke akachota chekeche la kwanza, likashindiliwa, likaanikwa.

Hanan alikuwapo. Anasema karatasi ilipokauka mama yake aliogopa kuigusa, akamwambia Thuraya aiinue yeye, na Thuraya alipoipandisha juani hapakuwa na kitu. Mwanga uliingia kwenye karatasi ukakaa humo sawasawa, kutoka pembe hadi pembe, na nyuma yake vilionekana vidole vya Thuraya. Mapipa yalipochunguliwa, kuta zake zilikuwa safi kama vyombo vya bibi harusi. Akina mama wote tisa, mmoja baada ya mwingine, walikaa chini pale pale kwenye sakafu yenye maji, na walikaa hivyo, wakitazama, mpaka adhana ya adhuhuri ikawainua.

Mwalimu Jamali alipoletewa karatasi hizo aliinua moja, akaitazama, akaipapasa kwa kidole palipomshinda jicho, akaiweka chini. Akaomba maji ya udhu. Aliandika kwa muda wa miaka miwili na miezi kadhaa, katika saa za mchana tu, Layla akimsomea na kumkagulia, na msahafu huo ndio mliousikia ukisomwa humu msikitini asubuhi, na mtakaousikia, inshallah, watoto wa watoto wenu wakiusoma.

Mapema mwaka 2024 marehemu alianza kupata maumivu ya mgongo na uchovu usiokwisha, akapimwa Kismayo, kisha Mombasa, ikagunduliwa kuwa ni saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa. Aliipokea habari hiyo kwa utulivu ambao sisi jamaa zake hatukuwa nao. Alikubali matibabu, akawafundisha Thuraya na Hanan kazi yake yote bila kuficha chochote, na alipoona Nabil analia alimwambia, "Mwanangu, mimi nimeona rojo jeusi likigeuka jeupe mara elfu na kila mara nimeshangaa. Niache nikaone na hili." Alifariki dunia nyumbani kwake Kismayo, alfajiri ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, mwezi wa Shaabani, mume na watoto wake wakiwa karibu naye, na amezikwa leo Ijumaa hapa Chula, upande wa mama yake. Ameacha mume, watoto wawili, mdogo wake Hussni, na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kismayo na Mombasa waliomhudumia kwa upole hata pale dawa ilipofika mwisho, majirani waliopika, waliochota maji na waliokesha naye, manahodha waliotuleta bila kuuliza nauli, masheikh walioongoza ibada, na Mwalimu Jamali, aliyesimama wakati wa swala bila mkongojo. Tena tunawashukuru kipekee wafanyakazi wenzake. Wengi mmeuliza kwa nini akina mama wa karakana hawakuwapo asubuhi wakati jeneza linatolewa. Habari ya kifo iliwakuta rojo likiwa tayari ndani ya dawa, jeupe nusu na nusu, na lingeachwa ulimbo ungelala humo na kazi yote ingeharibika, nazo zilikuwa karatasi za mitihani ya watoto. Bi Thuraya alisimama mbele yao akasema, "Barke hawezi kutusamehe tukiliacha." Walilia wakipausha, wakaosha, wakachota mpaka la mwisho, wakaanika, wakasafisha mapipa, ndipo wakapanda chombo. Wamefika sasa hivi. Wamesimama pale mlangoni na aproni zao, hawajapata hata kubadili nguo. Tunaomba muwapishe, waende wakamsalimie kaburini, kwa kuwa wao ndio waliomaliza kazi yake ya mwisho.

Pumzika kwa amani ya Mola wako, Barke binti Mukhtari, dada, mke, mama na mwalimu wetu. Yeye aliyekuonyesha weupe wa dunia hii akuonyeshe na ule usiopauka. Amin.